Sabuni ya Maziwa Isiyoungua

Karibu kila sabuni ya maziwa inayoharibika nyumbani huharibikia hatua ile ile: kostiki soda inapotiwa ndani ya maziwa. Maziwa hugeuka manjano, yakawa rangi ya chungwa, kisha kahawia iliyokolea. Hukatika mabonge mabonge. Na harufu ya amonia, ile ya banda la kuku lililofungwa siku nzima, hutanda jikoni. Aliyeona hivyo mara moja huamua ama kwamba maziwa hayafai sabuni, ama kwamba dawa ni kununua friza. Mwongozo huu unashikilia jambo jingine. Kwa mtu wa Embu au Meru anayeanza kazi hii, hakuna haja yoyote ya maziwa kukutana na kostiki ingali moto. Yeyusha kostiki kwenye maji, iache ipoe kabisa, maziwa yatie kwenye mafuta. Na ukitaka sabuni iwe na maziwa kamili, jaza pengo kwa maziwa ya unga. Wapo watengenezaji wanaoidharau njia hii na kuiita ya mkato. Hesabu zinasema vingine.

Tuanze na kilichomo ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Sukari yake, inayoitwa laktosi, ni karibu asilimia 4.8, mafuta ni kati ya asilimia 3.5 na 4; protini ni zaidi kidogo ya asilimia 3; yaliyosalia ni madini. Maziwa ya mbuzi hayako mbali na viwango hivyo. Sabuni inayotumia kilo moja ya mafuta huhitaji kiowevu cha gramu 285 hivi. Kiowevu chote kikiwa maziwa, utakuwa umeingiza gramu 13 au 14 za sukari, gramu 11 za mafuta na gramu 9 za protini. Ukijumlisha na madini ni yabisi ya gramu 36 tu, ndani ya mchanganyiko unaokaribia kilo moja na nusu. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kina kazi. Mafuta ya maziwa hugeuka sabuni kama mafuta mengine. Protini huvunjwavunjwa na kostiki, na humo ndimo inamotoka ile amonia. Sukari haigeuki sabuni: hubaki imeyeyuka, husaidia povu kuwa laini na kudumu, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuipenda sabuni ya maziwa. Ila sukari hiyo hiyo, ikipata joto mbele ya kostiki, huungua na kuwa kahawia. Na kostiki huja na joto lake: ikiyeyuka kwenye maji kidogo, hata kama maji yalikuwa baridi, joto hupanda kupita nyuzi 80 ndani ya dakika chache bila jiko lolote. Basi adui ni joto. Ukilidhibiti, maziwa hayana ukaidi wowote.

Kabla ya kufika kwenye mapishi, kuna mambo ya usalama ambayo huku kwetu yana sura yake. La kwanza ni kuchanganya kostiki na magadi. Magadi soda, yale ya kulainisha githeri na maharagwe, hayatengenezi sabuni kutokana na mafuta ya kawaida kwa njia ninayoieleza hapa; ni alkali dhaifu. Kostiki soda ni sodiamu hidroksaidi, kali mno, huchoma ngozi na inaweza kupofusha jicho. Hatari kubwa si kwamba utatia magadi kwenye sabuni ukakosa sabuni. Hatari ni kwamba kostiki iliyouzwa kwa kupimiwa, ikafungwa kwenye karatasi ya nailoni isiyo na jina, itawekwa jikoni karibu na magadi, halafu siku moja mtu aidhanie magadi aitie kwenye sufuria ya maharagwe. Nunua iliyo kwenye kopo lake lenye maandishi, iliyoandikwa kiwango cha usafi cha asilimia 97 au zaidi, na uifungie mahali watoto hawafiki. Kopo likikaa wazi, kostiki hunyonya unyevu wa hewa, hushikamana, na nguvu yake hupungua. Na ikishapungua, hesabu yako yote inakuwa ya uongo hata kama mizani ni nzuri.

La pili ni sufuria. Sufuria nyingi za jikoni Kenya ni za alumini, na kostiki huila alumini: hutokota, hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria hutoboka. Tumia chuma cha pua au plastiki nzito inayostahimili joto, na vyombo hivyo visirudi tena kwenye chakula. Sumaku haikuhakikishii kitu hapa, kwa sababu chuma cha pua kizuri mara nyingi hakishikwi na sumaku, kama alumini. Afadhali ununue kilichoandikwa. Vaa glavu za mpira, miwani ya kujikinga inayofunika pembeni, na nguo ya mikono mirefu. Fanya kazi nje au penye dirisha wazi, huku upepo ukitoka nyuma yako. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana itachemka na kukurukia. Ikikugusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha uende hospitalini kama ni jicho au jeraha ni kubwa. Watu hukimbilia siki. Siki iache ifute meza. Mwilini dawa ni maji. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa mapishi. Nimeyachagua kwa kufuata yanayopatikana bila safari ya Nairobi: gramu 500 za mafuta ya mawese ya mgando, gramu 250 za mafuta ya nazi, na gramu 250 za mafuta ya parachichi, tunda ambalo wakulima wa Embu na Meru wanalo kwa wingi. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki kinachoyageuza sabuni. Gramu moja ya mawese huhitaji gramu 0.141, ya nazi, 0.183; ya parachichi, 0.133. Zidisha: mawese 70.5, nazi 45.75, parachichi 33.25, jumla gramu 149.5. Kiasi hicho kingeyala mafuta yote yasibaki hata tone, na sabuni ya namna hiyo hukausha ngozi, tena haina nafasi ya kosa. Kwa hiyo punguza asilimia 5, upate gramu 142. Mafuta yaliyomo ndani ya maziwa hayakuingia kwenye hesabu hiyo, na ni sawa. Yataongeza kama asilimia 1 nyingine ya mafuta yaliyobaki huru. Usipunguze kostiki zaidi ya hapo ukidhani unailainisha sabuni. Mafuta huru yakizidi, ndiyo yatakayochacha kwanza.

Mtu atauliza kwa nini asipime kwa kikombe na kijiko kama anavyopika chapati. Jibu limo kwenye namba zenyewe. Ukizidisha kostiki kwa gramu 10 tu, yaani badala ya 142 ukatia 152, umepita kile kiasi cha 149.5 ambacho mafuta yote yanaweza kukila, na ziada hiyo itabaki ndani ya kipande ikingoja ngozi ya mtu. Gramu 10 ni chini ya kijiko kimoja cha chakula. Tena kostiki ya vipande bapa na ile ya punje haijazi kijiko kwa uzito mmoja. Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja ndicho kifaa pekee katika kazi hii ambacho hakina mbadala. Blenda ya mkono inaweza kukosekana, kipimajoto unaweza kuazima. Na ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya. Mafuta ya ng'ombe kutoka buchari, yaliyoyeyushwa na kuchujwa vizuri, yanaweza kushika nafasi ya mawese kwa namba ile ile. Lakini ukiweka mawese mahali pa nazi ukaiacha kostiki ilivyo, utakuwa umezidisha gramu 10.5, na tumeshaona maana yake. Siagi ya kupaka mkate usiiguse kabisa: ina maji na chumvi.

Kiowevu kigawe hivi: maji gramu 160 na maziwa gramu 125. Wengi hutumia maji yenye uzito sawa na kostiki, yaani gramu 142 kwa 142. Hesabu hiyo hufanya kazi penye joto, lakini mwezi wa Julai kule Manyatta au Kianjokoma, asubuhi ya manyunyu na ukungu unaoshuka kutoka Mlima Kenya, mchanganyiko mzito namna hiyo ukipoa sana huanza kuganda chembe chembe ndani ya chombo. Gramu 18 za ziada zinaondoa wasiwasi huo. Maziwa yachemshe kwanza kama ya chai, yaache yapoe, toa utando wa juu, ndipo uyapime. Kostiki ingeua vijidudu vingi, ni kweli, lakini mikono yako inayashika maziwa kabla ya kostiki, na homa ya brusela haijali kwamba ulikuwa unatengeneza sabuni. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yaache kabisa.

Hapa ndipo pingamizi kubwa la kwanza linapoingia: kwamba gramu 125 kati ya 285 si sabuni ya maziwa, ni sabuni ya maji iliyonyunyiziwa maziwa. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama maji ya maziwa yangekuwa na lolote ambalo maji ya bomba hayana. Maji ni maji. Kinachohesabiwa ni yabisi. Gramu 285 za maziwa zina yabisi ya gramu 36. Gramu 125 zina karibu gramu 16. Pengo ni gramu 20. Koroga gramu 20 za maziwa ya unga yenye mafuta ndani ya zile gramu 125 hadi yasibaki mabonge, na sabuni yako sasa ina sukari, mafuta na protini sawa na ile ya aliyetumia maziwa matupu. Tofauti iliyobaki ni moja: yako haikuungua. Anayeuza anaweza kuandika kwenye karatasi yake kwamba sabuni ina maziwa, bila kudanganya mtu, mradi asiandike kwamba hakutumia maji.

Njia ya friza nayo tuitendee haki. Hugandisha maziwa yakawa barafu, kisha kostiki hunyunyizwa juu yake kijiko kwa kijiko huku chombo kikikaa kwenye beseni la barafu, ili joto lisipande. Ikifanywa kwa subira hutoa sabuni nyeupe nzuri. Ila ina hitilafu mbili. Kwanza, kostiki huyeyuka polepole kwenye baridi, na mafuta ya maziwa huanza kugeuka sabuni pale pale, hivyo unapata uji mzito usiopitisha mwanga. Humo chembe ya kostiki isiyoyeyuka inaweza kujificha bila wewe kuiona, na itaibukia ndani ya kipande kilichokauka kama doa jeupe linalochoma. Kwenye maji matupu, chembe hiyo ungeiona. Pili, inategemea stima isiyopotea usiku ule na friza ambayo wengi hawana. Mwenye friza, chujio laini na uzoefu aendelee nayo. Anayeanza hana sababu ya kuanzia kwenye njia inayoficha makosa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tia kostiki kwenye maji nje ya nyumba, koroga hadi maji yanayoonekana kama ya chokaa yawe maangavu kabisa, funika, weka mahali salama yapoe yafikie joto la kawaida la chumba. Hapo pana kungoja kwa saa moja au mbili, na wanaoharakisha ndio wanaounguza. Wakati huo yeyusha mawese na nazi kwa moto mdogo, ongeza parachichi, uache mchanganyiko ushuke hadi nyuzi 35 hivi. Usiache ushuke sana, kwa sababu kwenye baridi ya juu huko nazi na mawese huanza kuganda ukingoni mwa chombo, na ukiona mafuta yamefifia na kuwa na utando, yarudishe motoni kidogo. Mimina maziwa ndani ya mafuta, blendi nusu dakika hadi yashikane na kuwa rangi ya krimu. Sasa pitisha maji ya kostiki kwenye chujio la chuma cha pua, taratibu, ukikoroga. Rangi itakolea kuwa manjano hafifu. Usishtuke, ikikauka hurudi kuwa krimu. Washa blenda sekunde chache, zima, koroga kwa mkono, washa tena. Unatafuta ile hali ambapo tone lililodondoka kutoka kwenye mwiko linaacha alama juu ya uso kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Uji mwepesi unatosha. Ukiendelea kublendi hadi uwe mzito kama ugali wa mtoto, joto litapanda na hewa itaingia. Asiye na blenda akoroge kwa mwiko. Itachukua hata saa nzima, lakini itafika.

Kwenye fremu, sukari bado haijamaliza vituko vyake. Sabuni huendelea kupata joto yenyewe kwa saa kadhaa, na sukari huliongeza joto hilo. Ndiyo maana sabuni ya maziwa iliyomiminwa kwenye kasha kubwa na kufunikwa kwa blanketi, kama wanavyofanya watu wa sabuni ya kawaida, hupasuka katikati, huvimba, na ukiikata unakuta duara la kahawia ndani na krimu pembeni. Mimina kwenye kasha la mbao lisilo na kina kirefu, lililotandikwa karatasi ya kuokea, au kwenye vibati vidogo vya silikoni. Usifunike kwa kitu kizito. Weka sakafuni penye ubaridi. Mara ya kwanza usitie asali. Mbeere ina asali nzuri, na sabuni ya maziwa na asali inauzika, lakini asali ni sukari juu ya sukari. Jifunze joto la moja kwanza.

Baada ya siku moja au mbili, ikiwa imeshikamana, kata vipande 14, kila kimoja kama gramu 100. Vikaushe kwenye rafu penye hewa, mbali na jua, kwa wiki 4 hadi 6. Muda huu hautegemei kalenda peke yake. Kiritiri au Siakago, ambako ni chini na pakavu, maji hutoka haraka. Manyatta wakati wa manyunyu ya Juni hadi Agosti, kipande kinaweza kukaa wiki ya sita bado ni laini. Chukua kipande kimoja, kiandike tarehe, ukipime kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka. Harufu hafifu ya amonia, kama ilikuwapo, huwa imeshaondoka zamani. Kipande chenye maji ya chumvichumvi juu, poda inayowasha au madoa magumu meupe ndani kisiuzwe wala kugawiwa.

Je, maziwa hayataoza humo ndani? Swali hili ni la haki, kwa kuwa kila mtu anajua maziwa yaliyosahaulika yanavyokuwa. Maziwa huoza kwa sababu ya vijidudu vinavyokula sukari na protini kwenye maji mengi yasiyo na ukali. Sabuni iliyokomaa ina maji kidogo, na ukali wake wa alkali ni kati ya 9 na 10 kwenye kipimo cha pH. Vijidudu vya maziwa havina raha humo. Kinachoharibu sabuni ya maziwa ni kuchacha kwa mafuta: madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Hayo huletwa na hewa, joto na mafuta mepesi kama ya alizeti yakizidi. Ndiyo sababu nimeweka parachichi, na mafuta ya makadamia, zao jingine la nyumbani, yangefanya vizuri vile vile ukiongeza kostiki iwe gramu 143.

Vipi mala? Inafaa, na ina faida ambayo wachache wanaiona: vijidudu vya mala vimeshakula sehemu ya laktosi, kwa hiyo sukari ya kuungua imepungua. Asidi yake hula kostiki kidogo, lakini kwa gramu 125 za mala hata gramu moja nzima haifiki, na ile asilimia 5 inameza tofauti hiyo bila shida. Asidi hiyo hugeuka chumvi inayosaidia kipande kuwa kigumu. Kwa hiyo maziwa ya jioni ambayo gari la ushirika halikuyachukua, yakachachuka usiku, bado yana kazi. Anayeuza mala ya sabuni kwa madai kwamba asidi yake inachubua ngozi taratibu amesahau kwamba asidi ikishakutana na kostiki si asidi tena.

Ubishi wa mbuzi na ng'ombe nao unastahili hesabu badala ya imani. Huku tuna sababu ya kuwa na maziwa ya mbuzi: tangu miaka ya 1990, mradi wa FARM-Africa uliingiza mbuzi wa Toggenburg kutoka Uingereza katika Meru na Tharaka, wakachanganywa na wa kienyeji, na upande wa Nyeri mbuzi wa Alpine wa Ujerumani wakaenea kupitia chama cha wafugaji. Maziwa hayo ni chakula bora. Lakini kwenye sabuni, sifa ya mbuzi inayotajwa mara nyingi ni asidi zake fupi za mafuta, ambazo ni karibu asilimia 15 ya mafuta yake, zaidi ya maradufu ya zile za ng'ombe. Asilimia 15 ya gramu 11 haifiki gramu 2, ndani ya kilo nzima ya mafuta mengine. Gramu 250 za mafuta ya nazi zinaleta asidi za jamaa hiyo hiyo mara nyingi zaidi. Tumia mbuzi kama ndiye uliye naye, au kama mnunuzi wako anampenda. Usilipe maradufu kwa ajili ya sabuni.

Hapo tunafika kwenye madai, na hapa ndipo nina ukali kidogo. Sabuni ya maziwa haishushi pH ya ngozi, kwa sababu sabuni yenyewe ni ya alkali. Ikishushwa hadi kiwango cha ngozi haibaki sabuni, hugawanyika na kurudi kuwa asidi za mafuta. Haitibu ukurutu. Vitamini za maziwa hazikunusurika kwenye kostiki kwa kiasi cha kutangazwa. Na kuhusu kung'arisha ngozi, neno hilo lina historia mbaya: sabuni za kung'arisha zilizowahi kutiwa zebaki ndizo zilizofanya Mkataba wa Minamata wa 2013 kuzitaja waziwazi miongoni mwa bidhaa za kuondolewa sokoni. Ukiandika “hung'arisha” kwenye karatasi ya sabuni safi, umejiweka kwenye kundi hilo kwa hiari yako. Ulicho nacho kinatosha kusemwa kama kilivyo: povu laini, gliserini yote iliyozaliwa ndani ya sabuni ikabaki humo, mafuta kidogo yaliyobaki huru, na orodha fupi ya vitu vinavyojulikana. Ukitaka kuuza dukani badala ya kuwagawia majirani, nenda Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, upate alama ya ubora. Watakuuliza viungo na vipimo, na daftari lenye uzito wa kila kitu na tarehe ya kila mkupuo ndilo litakalojibu.

Mwisho kuna wanaosema sabuni itawaokoa wafugaji wakati wa mvua, maziwa yakijaa na bei ikianguka. Hesabu inakataa. Kwa mapishi haya, lita moja ya maziwa inatosha mikupuo minane, zaidi ya vipande 110. Hata ungetumia maziwa matupu bila tone la maji, lita 20 za ziada za siku moja zingedai kilo zaidi ya 70 za mafuta na kukupa vipande elfu moja vya kukausha kwa wiki sita na kutafutia wanunuzi. Maziwa ya ziada dawa yake ni mtungi wa baridi wa ushirika, mala na mtindi. Sabuni inabebwa na gharama ya mafuta: nazi, mawese na parachichi ndivyo vinavyoamua kama kipande kitaleta faida. Kikundi cha wanawake kinachotaka kuifanya kazi hii kiulize bei ya mafuta kwa mtungi wa lita 20 kabla ya kuuliza bei ya maziwa, kianze na mkupuo mmoja kwa wiki, na kile kikombe cha maziwa kitatoka kwa yeyote aliyekamua asubuhi.